Laptopu inapanda kasi kisha inashuka: mwongozo wa kurudisha turbo kabla ya kufikiria ovakloki

Maswali ni yale yale kila wiki. "Prosesa yangu imeandikwa gigahezi 4, mbona nikianza kutoa video inashuka hadi 2 na kitu?" "Nishushe programu gani niiovakloki laptopu yangu?" Tunayajibu yote mawili hapa, maana jibu la swali la pili limo ndani ya la kwanza. Turbo ni kasi ya juu ambayo prosesa hujipandishia yenyewe; ovakloki ni kuilazimisha ipite hapo.

Prosesa nyingi za laptopu hazifiki hata kasi iliyoandikwa kwenye boksi, au zinaifika kwa nusu dakika tu. Ukiongeza kasi juu ya kasi ambayo haifikiwi, unajaza maji kwenye pakacha. Kwanza tafuta kinachoishika prosesa yako, kisha kiondoe. Kupandisha kizidishi (namba inayozidishwa na MHz 100 kupata kasi ya prosesa) kunakuja mwisho kabisa, na wengi wenu hamtakuwa na haja nako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Chaja halisi ya laptopu hiyo, yenye wati zile zile zilizoandikwa chini ya mashine. Laptopu ya wati 130 ukiichajia chaja ya wati 65 itabanwa hata kama kila kitu kingine ni kizima.
- HWiNFO ya kusoma vihisio, Cinebench R23 ya kuibebesha mzigo, na ThrottleStop, ya kusoma na kubadilisha mipaka ya prosesa, kama prosesa ni ya Intel na unatumia Windows. Wa Linux na wa AMD tumewawekea sehemu yao mbele.
- Meza ngumu. Kitandani au mapajani matundu ya chini huziba, na vipimo vyote vinakuwa vya uongo.
- Daftari au karatasi. Tunasisitiza hili, kwa sababu mtu asiyeandika namba hubadilisha vitu vitano na asijue kipi kimemsaidia.
- Nakala ya kazi zako muhimu mahali pengine. Mashine itaganda mara kadhaa, na faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika.
- Kwa atakayefungua mashine: bisibisi inayofaa skrubu zake, pesti ya kupitisha joto la prosesa, pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Nadharia, kwa ufupi

Chukua Intel Core i7-8550U. Kasi yake ya msingi ni GHz 1.8 na turbo ni GHz 4.0. Hiyo 4.0 ni ya kori (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) moja au mbili zikifanya kazi. Kori zote nne zikiamka, kikomo ni 3.7. Lakini Intel imeipangia wati 15, na wati 15 hazitoshi kuzilisha kori nne kwa 3.7. Hapo ndipo kasi inaposhuka, na prosesa haina ugonjwa wowote.

Kuna kuta nne zinazoweza kuisimamisha turbo:

*Wati.* PL1 ni wati za kudumu, PL2 ni wati za muda mfupi, na Tau ni muda wa kukadiria lini PL2 iishie, mara nyingi sekunde 28. Ndiyo maana mashine inakimbia mwanzoni kisha inapunguza kasi ghafla.

*Joto.* Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100. Watengenezaji wengine wa laptopu hukishusha kidogo. Zikifika hapo zinapunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Alama yake ni PROCHOT au THERMAL.

*Kengele ya nje.* BD PROCHOT ni waya ambao kifaa kingine ndani ya mashine, kama saketi ya kuchaji au ya kadi ya picha, huutumia kuiambia prosesa ipunguze kasi, hata ikiwa prosesa yenyewe ni baridi.

*Mkondo wa umeme.* Saketi inayolisha prosesa ina kikomo chake cha ampea. Kwenye ThrottleStop huonekana kama EDP.

Na kanuni moja ya kubeba moyoni: umeme unaoliwa hupanda kwa kasi mara moja, lakini kwa volti mara mraba. Ukishusha volti kutoka 1.10 hadi 1.00 kwa kasi ile ile, umepunguza takriban asilimia 17 ya umeme huo na joto lake. Kwenye laptopu, kupunguza volti ndiyo ovakloki ya kweli.

Hatua kwa hatua

1. Ijue prosesa yako. Fungua Task Manager au CPU-Z usome jina lote mpaka herufi za mwisho. Kwa Intel, U, P na H zimefungwa kizidishi: huwezi kuzipandisha juu ya turbo yake. HK, na HX nyingi, zimefunguliwa. Video inayokuonyesha mtu akipandisha i9-8950HK haikuhusu wewe mwenye i7-8750H, hata kama laptopu zinafanana sura.

2. Ondoa vizuizi vya bure. Puliza vumbi kwenye matundu ya feni, ukiishika feni kwa kijiti isizunguke wakati unapuliza. Washa hali ya utendaji wa juu kwenye programu ya mtengenezaji wa laptopu. Kisha nenda kwenye mipango ya umeme ya Windows, sehemu ya "Maximum processor state", uhakikishe ni 100. Ikiwa 99, turbo imezimwa yote. Asilimia hiyo moja imewatesa watu wengi kuliko unavyodhani, kwa kuwa kuna ushauri wa zamani wa kuiweka 99 ili mashine ipoe, na watu husahau kuirudisha.

3. Chukua kipimo cha mwanzo. Chaja ikiwa imechomekwa, funga programu zote, fungua HWiNFO upande wa vihisio, kisha endesha Cinebench ya kori zote kwa dakika 10. Andika kasi, wati za "CPU Package Power" na joto la juu kwenye sekunde ya 10, dakika ya 2 na dakika ya 10, pamoja na alama ya mwisho inayotolewa na Cinebench. Usiridhike na sekunde za kwanza. Hizo ni za PL2, na kila laptopu hupendeza kwenye PL2.

4. Soma ukuta uliougonga. Wakati mzigo unaendelea, fungua ThrottleStop ubonyeze "Limits". Kisanduku chekundu ni kizuizi kinachobana sasa hivi. Cha njano kilibana muda uliopita. Futa alama za zamani kwenye dirisha hilo, subiri dakika moja, usome tena.

Tuseme daftari lako linasema: sekunde ya 10, GHz 3.6, wati 44, nyuzi 93. Dakika ya 2, GHz 2.4, wati 15, nyuzi 68. PL1 ni nyekundu. Huo ni ukuta wa wati: mashine ina nafasi kubwa ya joto ambayo haitumiki. Nenda hatua ya 5 kisha ya 6.

Tuseme lingine linasema: PL1 imewekwa 45 lakini dakika ya 10 inakula wati 33 tu, nyuzi 99, na THERMAL ni nyekundu. Hapo kuongeza wati ni kumwagia moto mafuta. Nenda hatua ya 5, kisha aya ya mwisho ya hatua ya 6 (kushusha PL2), halafu ya 7.

Ikiwa BD PROCHOT ndiyo nyekundu, usiendelee. Shuka kwenye sehemu ya matatizo.

5. Punguza volti. Bonyeza "FIVR", dirisha la volti na vizidishi. Chagua "CPU Core", weka alama "Unlock Adjustable Voltage", kisha sogeza "Offset Voltage" hadi milivolti 50 chini. Rudia thamani hiyo hiyo kwa "CPU Cache". Kosa la kwanza la wanaoanza liko hapa: wanashusha kori peke yake. Kwenye prosesa nyingi za kizazi cha 6 hadi cha 10 hizo mbili hunywa kisima kimoja, na ukishusha moja tu hakuna kinachobadilika. Mtu anafika milivolti 200 chini, anafurahi, kumbe hajapunguza kitu.

Kabla ya kubonyeza OK, chagua lile linalosema volti zisihifadhiwe. Mashine ikiganda, utaizima na kuiwasha, nayo itarudi na volti zake za kiwandani. Ukihifadhi mapema na kuiruhusu ThrottleStop ijiwashe na Windows, unaweza kuingia kwenye mzunguko wa kuganda kila ukiwasha.

Endesha Cinebench dakika 10. Ikipita, shuka milivolti 10 zaidi, urudie. Prosesa nyingi za vizazi hivyo hufika kati ya 80 na 120 chini. Yako inaweza kuishia 60, na hakuna namna ya kuilazimisha, maana kila kipande cha silikoni kina tabia yake. Ikiganda au ikitoa skrini ya bluu, panda milivolti 15 na ukae hapo.

Halafu usiishie kwenye mzigo mzito. Fanya kazi nyepesi siku mbili tatu: kuvinjari, kufunga na kufungua kifuniko, kuiacha ilale na kuiamsha. Kori moja inaporuka kwenda turbo ya juu kisha kushuka ndipo volti finyu hufichuka, na kipimo cha kori zote hakikamati hilo.

Ukikuta FIVR imeandikwa "Locked", soma sehemu ya matatizo.

6. Panga wati. Bonyeza "TPL", dirisha la mipaka ya wati. Ikiwa ukuta wako ni PL1 na joto la dakika ya 10 liko chini ya nyuzi 85, ongeza PL1 kwa wati 5, endesha tena dakika 10, andika. Endelea hivyo mpaka joto lisimame karibu na nyuzi 90, kisha acha. Kutoka 15 kwenda 20 au 25 utaona faida kubwa kwenye prosesa za U; kutoka hapo kila wati inaleta kidogo kuliko iliyotangulia.

Piga hesabu ya chaja pia. Chaja ya wati 65 inalisha skrini, diski, kuchaji betri na kadi ya picha kama ipo. PL1 ya 45 hapo itakuacha betri ikishuka huku chaja imechomekwa, au itaiamsha kengele ya nje.

Kwa mwenye ukuta wa joto, tunashauri kinyume: *shusha PL2*. Inaonekana ni kurudi nyuma, lakini fikiria. PL2 ya wati 90 inaifikisha mashine nyuzi 100 ndani ya sekunde chache, prosesa inabana kwa nguvu, inapoa, inaruka tena. Mchezo unakatika-katika, feni inapiga kelele ya kupanda na kushuka. Weka PL2 wati 10 hadi 15 juu ya kile mashine inachoweza kuhimili dakika ya 10, na kasi itatulia. Alama ya jaribio moja fupi itapungua kidogo. Kazi ya nusu saa itakuwa laini zaidi.

7. Badilisha pesti, ikiwa joto ndilo linalobana. Fanya hivi hasa kama mashine ina miaka mitatu au zaidi, au kama kori moja ina joto nyuzi 10 hadi 15 zaidi ya wenzake.

Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko, kisha chomoa kiunganishi cha betri kabla hujagusa kitu kingine chochote. Skrubu za bomba la shaba linalobeba joto la prosesa huwa na namba pembeni. Zilegeze kuanzia kubwa kwenda ndogo, robo mzunguko kwa zamu. Bomba likigoma kutoka, lizungushe kidogo pembeni. Usilivute juu kwa nguvu.

Safisha pande zote mbili kwa isopropili mpaka zing'ae. Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani; unagusa silikoni tupu, na kona zake hupasuka. Kwa sababu hiyo hiyo, paka pesti nyembamba ifunike kipande chote. Tone la katikati linaloachwa lijisambaze hutumika kwa prosesa zenye kofia. Hapa linaweza kuacha kona kavu.

Pedi laini za kumbukumbu na saketi za umeme, kama hazijachanika, ziache. Ukilazimika kubadilisha, pima unene wa ile ya zamani. Pedi ya milimita 1.5 mahali pa 1.0 inalinyanyua bomba, na prosesa inakosa mguso.

Rudisha skrubu kwa kufuata namba, 1 kwanza. Pesti laini sana husukumwa nje na kupanda na kushuka kwa joto, kwa hiyo kwa laptopu chagua nzito, au karatasi ya Honeywell PTM7950, ambayo hulainika ikipata joto na kubaki mahali pake. Metali ya kimiminika hatumshauri anayeanza: inapitisha umeme, na galiamu iliyomo hula alumini.

8. Pandisha kizidishi, kwa mwenye HK au HX. Fika hapa ukiwa umemaliza volti na joto lako la dakika ya 10 liko chini ya nyuzi 85. Ndani ya FIVR kuna orodha ya vizidishi kwa idadi ya kori. Ongeza 1 tu kwa kila mstari. Kizidishi kimoja ni MHz 100. Jaribu dakika 10, andika alama. Ikiwa kasi imepanda lakini alama haijapanda, umegonga ukuta mwingine: rudi hatua ya 4.

Ikiganda, usiongeze volti ili kuinusuru. Kwenye kompyuta ya mezani hiyo ni njia halali. Kwenye bomba jembamba la laptopu, joto la volti hizo litakula MHz 100 ulizopata na kuchukua nyingine 200. Na usiguse kasi ya msingi ya saa, ile ya MHz 100 yenyewe, hata BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) ikikuruhusu, maana inaweza kuyumbisha mawasiliano ya diski.

9. Hifadhi. Baada ya wiki nzima bila kuganda, ndipo uhifadhi thamani na kuiweka ThrottleStop kwenye Task Scheduler ijiwashe ukiingia.

Wa Linux na wa AMD

Kwenye Linux, `sudo turbostat --interval 5` inakuonyesha kasi halisi, joto na wati. Mipaka ya wati ya Intel iko `/sys/class/powercap/intel-rapl:0/`: faili la `constraint_0_power_limit_uw` ni PL1 na la `constraint_1_power_limit_uw` ni PL2. Zimeandikwa kwa mikrowati, kwa hiyo wati 25 ni 25000000. Hesabu sifuri mara mbili kabla ya kubonyeza. Volti hushushwa kwa intel-undervolt.

Kwa Ryzen tumia RyzenAdj, nayo hupokea miliwati. Mfano wa kuanzia kwa prosesa ya U:

`ryzenadj --stapm-limit=25000 --slow-limit=25000 --fast-limit=30000 --tctl-temp=90`

Kisha `ryzenadj -i` uone kama zimekubalika. Thamani hupotea ukizima mashine, na laptopu nyingine huzirudisha zenyewe ukichomeka au kuchomoa chaja, kwa hiyo iangalie tena baada ya dakika chache.

Usifanye haya

Usizime PROCHOT yenyewe ili "turbo isishuke". Hiyo ndiyo breki. Pia usiendeshe ThrottleStop na Intel XTU, programu ya Intel ya kazi hiyo hiyo, kwa pamoja. Kila moja inafuta maandishi ya mwenzake, na hutajua ni thamani ya nani inayotumika. Na usinakili namba za mtu mwingine, hata mwenye laptopu ya aina ile ile. Milivolti 110 chini alizopata yeye zinaweza kukugandishia mashine katikati ya kusasisha BIOS, na hapo hasara ni ya bodi nzima. Kabla ya kusasisha BIOS, rudisha kila kitu cha kiwandani.

Matatizo na dawa zake

*Imekwama GHz 0.8 au chini, hata ikiwa baridi.* Hiyo karibu kila mara ni BD PROCHOT. Chomoa chaja uendeshe kwa betri: kasi ikirudi, mkosaji ni chaja au tundu lake. Chaja nyingi za pini ya duara zina sindano nyembamba katikati inayoitambulisha kwa laptopu. Ikipinda, mashine haiitambui. Ikiwa bado, zima, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha washa. Kutoa alama ya "BD PROCHOT" kwenye ThrottleStop kunathibitisha ugonjwa. Usikufanye tiba ya kudumu mpaka ujue kengele inalilia nini, maana inaweza kuwa saketi ya umeme inayochemka kweli.

*FIVR imefungwa.* Desemba 2019 ulitangazwa udhaifu wa Plundervolt, unaotumia volti kuvunja ulinzi wa prosesa, na watengenezaji wakafunga kupunguza volti kupitia BIOS. Kizazi cha 11 kuendelea, nyingi za U na H zimefungwa tangu kiwandani. Tazama kama BIOS ina kipengele cha kuifungua, na kama Hyper-V (ya kuendesha kompyuta pepe) au ulinzi wa "Memory integrity" wa Windows umewashwa, kwa kuwa nayo huzuia. Ukizima ulinzi huo ujue unaacha mlango wazi kidogo. Kwa mashine ya kazi au ya benki, tungeuacha umefungwa na kupanga wati tu.

*Nimeongeza PL1 lakini wati hazipandi.* Kuna nakala ya pili ya mipaka hiyo kwenye kumbukumbu, na kidhibiti cha bodi huandika ya kwake. Ndani ya TPL jaribu "MMIO Lock". Ikigoma, mtengenezaji amefunga, na kilichobaki ni hali za utendaji za programu yake.

*Skrini ya bluu nikivinjari tu, lakini Cinebench inapita.* Volti ni finyu kwenye kasi ya juu ya kori moja. Panda milivolti 10 hadi 15.

*Kasi inaonekana ile ile baada ya kushusha volti, alama imeshuka.* Hutokea kwenye Ryzen: volti ikipungua mno, prosesa hunyoosha mapigo ya saa bila kubadilisha namba unayoiona. Iamini alama, upandishe volti.

*Baada ya pesti mpya joto limezidi.* Fungua tena utazame alama ya pesti. Ikiwa upande mmoja ni mnene, skrubu hazikukazwa sawa; ikiwa yote ni mnene, pedi imenyanyua bomba.

*Inaganda kila ikiwaka kwa sababu ThrottleStop inajiwasha.* Ingia Safe Mode, zima kazi yake kwenye Task Scheduler, ufute faili la ThrottleStop.ini, kisha uanze upya kutoka milivolti 50.

*Kwa betri inakuwa nzito.* Laptopu nyingi hushusha mipaka ya wati zikiwa kwenye betri, kwa sababu betri nayo ina kikomo cha mkondo inaoweza kutoa. Iache hivyo.